Meli Zilizobaki Kinywani mwa Gordon

Jumapili, 3 Novemba 1991

Simu ya Enid. Shemeji ambaye hatujasemezana tangu tumzike mama! Sauti kavu, kama anasoma taarifa ya habari. Gordon ameanguka jikoni, kiharusi, njoo hospitali. Akakata.

Nimekwenda. Kaka yangu amelala, mdomo umevutwa upande, mkono wa kulia umelegea kama si wake. Ndio mkono wa kuandikia. Enid ameketi na mkoba mapajani, koti hajavua, kama mtu anayengoja basi. Akasema Gordon hawezi kutamka kitu. Hapo hapo Gordon akaniona, akafungua mdomo, akatamka wazi kabisa:

"Bwana Harusi Hakuja."

Anaweweseka, Enid akasema. Huo ni wimbo wangu! Niliutunga zamani, bendi yetu ya Kutu ikipiga roki kwenye mabaa ya hapa Sheffield, vyuma vikilia viwandani nje na sisi tukilia ndani. Ndilo jina pia la meli ya angani katika kitabu chake cha kwanza.

Alikuwa ananisuta kwamba nimechelewa. Nina hakika.

Jumatatu, 4 Novemba

Daktari ni msichana, anaitwa Lathom, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Anasema maneno mengi ya Gordon yamekwenda na huenda yasirudi. Yamebaki yale aliyoyarudia maisha yake yote. Wengine hubaki na sala, akasema, wengine na matusi.

Gordon hana sala. Matusi pia hakuyajua, maskini. Ana meli. Maisha yake yote ni vitabu vya meli zinazotangatanga kati ya nyota, na kila meli jina la kuazima. Nusu ameyachota kwenye mashairi na riwaya kuukuu wanazozipenda yeye na mkewe. Nusu kwenye nyimbo zangu. Hakuniomba. Alikuja na kitabu kimeshachapwa, anacheka: nimekuenzi, mdogo wangu!

Kutu imesahaulika hata hapa mtaani. Meli zimesomwa mpaka Japani.

Haya, si wakati wake huu. Kesho nina mashine mbili za kufulia za kutengeneza, halafu nirudi kwake.

Jumanne, 5 Novemba

Ndio usiku wa mioto wa kila Novemba: fataki tangu machweo. Kila mlipuko Gordon anaruka kitandani. Nesi Bernadette amefunga mapazia, haikusaidia.

Alikuwa akirudia neno moja: "Mke wa Kinyozi. Mke wa Kinyozi." Tena na tena, mpaka jasho likamtoka. Enid karibu alie. Akanigeukia — mara ya kwanza kunitazama usoni.

"Anataka nini huyu?"

"Ni wimbo, shemeji. Jamaa kampenda mke wa kinyozi, kwa hiyo anakwenda kunyolewa kila siku mpaka kidevu kinatoka damu."

"Mungu wangu. Na huo ni wimbo?"

"Watu walikuwa wakiucheza."

"Walikuwa wamelewa."

Kisha wote wawili tukamtazama Gordon. Ndevu! Zimeota, zinamwasha, zimeloa mate. Nikaomba maji ya moto nikamnyoa. Akashusha pumzi ndefu. Machozi yakamtoka, akasema "Watoto wa Chumvi." Hilo silo langu, sikulielewa. Enid akalielewa. Ni shairi la kale la wajane wa pwani, akasema, wanaowaita watoto wao hivyo kwa sababu ya kulia. Akampangusa uso kwa upole ambao sikujua anao.

Basi ndivyo ilivyo. Yeye ana nusu ya kaka yangu, nami nina nusu.

Alhamisi, 7 Novemba

Tumepata utaratibu. Gordon akisema jina, anayelijua ananyoosha kidole, kama shuleni. "Kelele za Jumapili" — langu: zimeni ile televisheni. "Majivu ya Askofu" — lake, kutoka riwaya ya padri mvuta tumbaku: anataka sigara. Haruhusiwi. Alikasirika, akaniita "Nguruwe wa Dhahabu." Tukacheka wote watatu, hata yeye, kwa upande mmoja wa uso.

Enid ameniletea mkate wa jibini na achari. Hakusema ni wangu. Ameuweka tu dirishani, akatazama kwingine.

Jioni nimemsindikiza Enid nyumbani kwao, nikapokea simu yeye akiwa bafuni. Msomaji, mwenyekiti wa chama fulani cha wapenzi wa vitabu vya Gordon. Wamechangishana maua. Nikamwambia mimi ni mdogo wake, niliyetunga Bwana Harusi Hakuja.

"Ala!" akasema. "Kumbe kuna wimbo pia?"

Nikamshukuru kwa maua.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimekwenda na gitaa. Enid alikunja pua, lakini hakunizuia. Nikaanza Mke wa Kinyozi polepole, na Gordon — siamini bado ninapoandika! — Gordon akaimba. Maneno yote. Mtu asiyeweza kuomba maji aliimba ubeti wa pili mzima, ambao mimi mwenyewe niliusahau katikati. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akapiga makofi. Bernadette akacheza na ndoo ya kupigia deki. Daktari Lathom alisema ndivyo inavyokuwa, nyimbo zimehifadhiwa chumba kingine cha ubongo.

Furaha haikudumu. Walipomlisha kastadi akapaliwa. Akawa wa bluu. Walitutoa nje, tukasimama koridoni tukisikiliza ile mashine inayofyonza. Enid alinishika mkono wa koti, akauachia alipojiona.

Jumapili, 10 Novemba

Homa. Mapafu.

Daktari Lathom alituita pembeni, ua jekundu la kuwakumbuka wafu wa vita kifuani mwake. Chakula kinapita njia mbaya kinaingia kwenye mapafu. Koo halitapona, haoni dalili. Wanaweza kupasua kidogo tumboni na kuweka mpira wa kumlishia. Ataishi, labda muda mrefu, hivi hivi alivyo. Pengine vibaya zaidi, kwa sababu kiharusi cha pili hakiko mbali. Au wasimsumbue: wamtulize tu, aende.

Angetaka lipi? akauliza. Nyinyi ndio mnamwelewa.

Enid akajibu upesi: mpira. Mimi nikasema tumwulize mwenyewe.

Jumanne, 12 Novemba

Homa imeshuka kidogo. Leo tumemwuliza.

Enid alimweleza vizuri, taratibu, kama anavyowasomea watoto maktabani anakofanya kazi. Gordon alisikiliza. Nasema alisikiliza — macho yalikuwa hapa hapa, si kule yanakokwenda siku nyingine. Kisha:

"Funga Mlango Nyuma Yangu."

Jina jipya, hajalitamka tangu alazwe hapa. Sikuhitaji kunyoosha kidole. Ni wimbo wa mwisho wa Kutu, tuliomalizia kila onyesho. Mtu anaondoka nyumbani alfajiri.

*Funga mlango nyuma yangu,*
*usiniwekee chakula,*
*mtaa wote umelala*
*na mimi si wa kulala.*

Nikamwambia Enid, anaaga. Ameshachagua. Nilisema kwa upole, naapa.

Akanirukia kama paka!

"Huo si wimbo wako!"

"Ni wangu, shemeji, niliutunga chumbani kwetu, Gordon amekaa kitanda cha pili."

"Na mstari huo alikupa nani?"

Kweli, alinipa Gordon mwenyewe. Alikuwa akisoma, akauropoka, nikasema huo nauchukua, akasema chukua. Siku zote nimedhani ulitoka kichwani mwake.

"Ni shairi," Enid akasema. "Alinisomea siku aliyonichumbia. Mtu anarudi nyumbani, Neville. *Anarudi!*" Akalisema lote pale pale, kwa sauti, manesi wanatutazama:

*Funga mlango nyuma yangu, mke wangu,*
*theluji imenichosha;*
*tia gogo jingine motoni,*
*leo sitoki tena.*

"Sitoki tena," akarudia. "Umesikia? Anataka kukaa. Anataka kukaa na mimi."

Nikamwambia anasikia anachotaka kusikia. Akaniambia na mimi je? Nimeondoka bila kuaga. Mvua. Nimekunywa bia tatu na nina hasira, na sijui ni ya nani.

Jumatano, 13 Novemba

Sikwenda. Nilikwenda kazini nikafungua mashine ya mama mmoja, nikaikuta nzima. Plagi tu.

Alhamisi, 14 Novemba

Enid alikuja mwenyewe kwangu, na vitabu vya Gordon kwenye kikapu cha sokoni. Hajawahi kuingia humu. Aliketi kwenye kiti chenye waya za gitaa, akazisogeza. Nimekuja tutafute hiyo meli, akasema. Kama iliondoka au ilirudi nyumbani, ameandika yeye mwenyewe, tusigombane.

Tukagawana vitabu. Chai ikapoa. Nimekutana na nyimbo zangu zote humo, moja moja, zimejaa mabaharia na vita na watu wanaopendana. Zingine nilikuwa nimezisahau. Hakuna aliyewahi kuzitunza hivi. Nilitamani nimtukane nikashindwa.

Enid ndiye aliyeiona. Akasoma kwa sauti. Mstari mmoja tu, kitabu cha saba: nahodha anachungulia dirishani na kuiona Funga Mlango Nyuma Yangu ikipita mbali, taa zake zinawaka. Basi. Haisemwi inatoka wapi wala inakwenda wapi.

"Mshenzi," Enid akasema. Halafu akalia, kwenye kiti changu, na mimi nimesimama na birika mkononi kama zuzu.

Tukaenda hospitali pamoja. Nikaimba wimbo, kwa sauti ya chini. Gordon akaimba nami mpaka mwisho. Enid akalisema shairi. Gordon akalisema naye mpaka mwisho. Nilimwangalia usoni kutafuta tofauti. Kifua kinakoroma. Hakuna tofauti.

Ijumaa, 15 Novemba

Homa imepanda tena. Daktari Lathom anasema wakisubiri zaidi hataweza kuhimili kupasuliwa, kwa hiyo kutosema neno ni kujibu pia. Chumba cha upasuaji kina nafasi mchana huu. Amekwenda kuwaona wagonjwa wengine, atarudi.

Naandika hapa koridoni, kwenye viti vya plastiki. Jambo limenijia asubuhi wakati nanyoa ndevu, na halitoki.

Nataka awe anasema wimbo wangu.

Si kwamba nataka afe. Mungu ananiona! Asiondoke, nani mwingine atanikumbuka. Lakini tangu Jumanne ninapobishana na Enid, kuna sauti ndani inayosema: angalau hili moja liwe langu. Angalau neno lake la mwisho. Wamemsoma mpaka Japani, lakini akifa afe na Kutu mdomoni. Sikumbishia Enid kwa ajili ya Gordon. Sasa najua. Na nikijua hivyo, siwezi tena kuamini masikio yangu.

Na kama wimbo ndio kweli? Kama mimi, pamoja na ujinga wangu wote, ndiye niliyemsikia sawasawa? Nikisema shairi ili nijisafishe, atalala na mpira tumboni miaka na miaka, akituita kwa majina ya meli, nasi tukinyoosha vidole.

Enid ametoka sasa hivi. Hana mkoba, hana koti, nywele zimetimka. Mara ya kwanza namwona hivyo. Nilitegemea anibishie. Hakubisha. Amekaa kiti cha pili, magoti yetu yanagusana.

"Nimelala kando yake miaka ishirini na sita," akasema, "na sijui. Nilidhani najua. Wewe ulilala naye chumba kimoja tangu uzaliwe. Sema wewe, Neville. Utakalosema nitamwambia daktari hivyo hivyo, na sitakulaumu maisha."

Nikamwambia subiri kidogo. Akarudi ndani.

Viatu vya Daktari Lathom navisikia kwenye ngazi. Kupitia kioo namwona Enid ameinama, amesogeza sikio mdomoni mwa Gordon. Gordon anasema kitu, midomo inacheza. Enid anageuka ananitafuta, ananiita kwa mkono, upesi — jina gani tena hili, lake au langu —