Nimeombewa Kama Marehemu Nikiwa Benchi la Mbele

Mwenzangu, kitendawili! Maiti kavaa gauni la Jumapili, kakaa benchi la mbele, anaitikia "Amina." Mimi huyo!

Niliandikisha misa ya shukrani, goti langu limepona. Karani wa parokia kaniandika kwenye orodha ya marehemu. Marehemu! Padri mgeni akasoma: "Tumwombee mwenyekiti wa jumuiya, Mungu amlaze pema." Nami nikaitikia kwa mazoea.

Nilitaka kusimama, lakini padri akaongeza, "Alitumikia kwa unyenyekevu." Unyenyekevu, mimi! Nikatulia nisikilize.

Makamu wangu aliitikia kwa nguvu kuliko kanisa zima. Nje akanishika mkono: "Dada, kumbe bado upo?" Nikamwambia, "Nipo, na uenyekiti ninao."

Sasa sikia. Habari imemfikia mwanangu, yule ambaye mwaka wa tatu huu hana nafasi ya kuja kuniona. Kampigia jirani, yuko kwenye basi, analia njia nzima. Jirani alitaka kumwambia ukweli, nikamnyang'anya simu nikaikata.

Nitaungama Jumamosi, nikishamkumbatia.

Tafadhali, akikupigia wewe, usipokee.