Mwalimu Mgeni Amepewa Chachu ya Bibi Yangu

Mpendwa Mama Tsuruta wa redio,

Naomba unisaidie kabla ya Jumapili. Nakuandikia kwa simu nikiwa nyuma ya duka la dobi ninakofanya kazi, katikati ya mashati yanayongoja pasi, na bosi akitokea nitajifanya natafuta kifungo kilichopotea, kwa hiyo nisamehe maneno yangu yakikimbizana.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule Machi hii. Shuleni kwetu kuna mwalimu wa Kiingereza kutoka Jamaika, hapa nitamwita Mwalimu Corinne ingawa si jina lake, maana mji wetu ni mdogo na mgeni ni yeye peke yake, ukisema tu yule mrefu wa baiskeli nyekundu hata watoto wa chekechea wanajua. Huyu mwalimu alikuwa wangu kwanza. Najua mtu si mali ya mtu lakini sijui kulisema vingine. Mimi si msemaji, chakula cha mchana nilikuwa nakula peke yangu dirishani, na wenzangu walikuwa wakimvuta Mwalimu huku na kule wapige naye picha, lakini siku moja akaja na mkebe wake wa chakula hadi kwenye kona yangu akasema kwa Kijapani chake cha kuokotaokota, "Hapa pana amani, naomba kukaa," akakaa, akala, hakunilazimisha kuongea, na kuanzia siku hiyo kila Alhamisi tulikuwa tunakula pamoja.

Siku ya kufunga muhula nilimwambia lile neno ambalo kila mtu hulisema, "Siku moja karibu nyumbani." Mama Tsuruta, wewe na mimi tunajua neno hilo ni la kuagana tu, hakuna anayekuja. Yeye akatoa simu, akafungua kalenda, akauliza, "Siku gani?" Nikakosa pa kujificha, nikasema Jumamosi.

Mimi nimelelewa na Bibi kwa sababu Mama ni nesi na zamu zake hazina mpangilio. Bibi aliposikia mgeni anakuja aling'aka, "Utamlisha nini mtu wa ng'ambo? Vitu vyetu vinanuka, atakimbia na viatu mkononi!" Lakini Mwalimu alipoonja tango la achari alifumba macho, akamaliza sahani nzima, akauliza, "Bibi, nani ametengeneza hii?" Bibi akainua mkono, "Mkono huu hapa." Basi Mwalimu akaushika ule mkono akaunusa, akacheka mpaka machozi, akasema unanuka kama jikoni kwa nyanya yake, na Bibi, ambaye hata daktari akimshika mkono hukunja uso, akamwachia.

Achari yetu ya matango na figili hulazwa ndani ya chachu ya pumba za mchele na chumvi, kwenye mtungi ulio chini ya sinki, na ile chachu Bibi alipewa na mama mkwe wake, naye alipewa na mama mkwe wake. Lazima mtu atie mkono kila siku aigeuze hadi chini. Mimi nilikuwa naigeuza nikiwa mdogo, ila nilipokuwa na miaka kumi na mitatu wasichana wa darasani walininusa vidole wakaniita Bibi Figili, nikamwambia Bibi sitaki tena, na Bibi akasema haya.

Tangu Jumamosi ile Mwalimu anakuja kila wiki. Anakaa upande wangu wa meza, ule unaotazama televisheni, kwa sababu Bibi alimwambia akae pale na mimi nikasogea. Wanakwenda pamoja bafu la umma la mtaani, upande wa wanawake, nami nyuma yao, na Bibi anamsugua mgongo huku akipiga kelele, "Geuka, mwanangu! Mgongo mrefu hivi, nitafika lini mwisho?" na wamama wote wanacheka, na mimi niliyekuwa nikimsugua Bibi tangu darasa la pili nakaa kwenye kigoda changu nikijimwagia maji. Siku moja jirani yetu akauliza, "Ndiye mjukuu wako huyu mrefu?" Bibi akajibu, "Ndiye, wa kutoka mbali." Jirani akasema, "Na huyu wa karibu?" Bibi akanitazama, "Huyu? Huyu ni kama paka wa nyumbani, haongei, unamjua yupo kwa sababu chakula kimepungua." Walicheka sana. Na mimi nilicheka.

Mwezi uliopita Bibi alifunua mtungi mbele ya Mwalimu, akachota chachu kwa viganja vyake, akaitia kwenye bakuli la enameli lenye kifuniko, akasema, "Hii imenizidi umri mimi. Igeuze kila siku ipate pumzi. Usipoigeuza inakasirika." Mwalimu akapiga magoti, akainama kushukuru kwa desturi yetu hadi paji la uso likagusa mkeka, vizuri kabisa, kuliko hata mimi ningeweza. Mama Tsuruta, mimi nilienda chooni nikafungua bomba lipige kelele ili wasinisikie. Kumbe nilikuwa nangoja. Nilidhani siku moja ile chachu itakuja kwangu bila mtu kusema chochote, kama mvua za Juni zinavyokuja, maana itakwenda kwa nani mwingine? Mama haitaki, anasema achari zimejaa madukani.

Sasa ndiyo shida yenyewe. Kwa likizo hii ndefu ya Mei, Mwalimu amekwenda Hokkaido kwa rafiki yake, naye ni mwalimu mgeni huko. Kabla ya kuondoka alinipa ufunguo wa nyumba yake kwa mikono miwili, akasema, "Nakuamini, mdogo wangu. Mara moja tu kwa siku, ukitoka kazini." Siku ya kwanza nilikwenda. Nilipofunua bakuli, jiko la mtu mwingine likanuka kama nyumbani kwetu. Ukutani kuna picha yake na Bibi mbele ya bafu, wamekumbatiana, mashavu mekundu, na mimi niliyekuwa nimesimama nao naonekana bega tu. Nikafunika. Nikajiambia nitaigeuza kesho, na kesho yake nikapita njia nyingine, na ya pili yake vilevile, na joto la mwaka huu unalijua.

Na kila jioni Bibi ananiuliza, "Umemgeuzia mwenzio?"

"Ndiyo, Bibi."

"Inanukaje?"

"Vizuri."

"Vizuri vipi?"

"Kama ya kwetu."

Hapo anatabasamu mwenyewe, tabasamu la mtu aliyepata habari za mtoto wake aliye safarini, na mimi nainuka kuondoa vyombo.

Jana nilikwenda. Juu pamefunikwa na ukungu mweupe, umetanda kote, na harufu yake ni ile ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Nikafunika tena, nikafunga mlango. Mwalimu anarudi Jumapili mchana. Nimefikiria kuchota chachu ya Bibi akiwa amelala nikaiweke kule, hakuna atakayejua. Nimefikiria kusema ni joto. Nimefikiria kurudisha ufunguo kwenye sanduku la barua nisionekane tena. Lakini usiku nawaza, na hili ndilo naona aibu kuliko yote, kwamba nilipouona ule ukungu, kabla sijaogopa, nilifurahi kidogo. Je, mimi ni mtu mbaya? Nataka Bibi anipende mimi kwanza. Nifanyeje?

Tafadhali usitaje jina langu. Bosi huwa anakusikiliza akipiga pasi.

Ni mimi,
Bega la Pichani


MAMA TSURUTA ANAJIBU

Haya Bega, binti yangu, kwanza vuta pumzi, na mimi nivute yangu, maana barua yako nimeisoma hewani bila kupata mahali pa kutua.

Chachu haijafa. Ule mweupe ukwangue kwa kijiko, uende chini hadi uone rangi ya kahawia, utupe. Ongeza chumvi kiganja kimoja, pumba mpya za mchele na unga kidogo wa haradali, kisha tia mkono ugeuze hadi chini kabisa. Futa kingo za bakuli kwa kitambaa safi. Fanya hivyo leo ukitoka kazini, kesho ugeuze tena, na Jumapili asubuhi ugeuze tena. Harufu ile itapungua polepole. Chachu iliyopita mikononi mwa mama wakwe wawili haiwezi kushindwa na msichana mmoja aliyenuna.

Ya bibi yako usiiguse. Ukichota kwa siri utakuwa umemwibia huyu ili umdanganye yule, na wote wawili ni watu unaowapenda.

Umeuliza kama wewe ni mtu mbaya. Mimi nimepita miaka sitini, na bado namwonea dada yangu wivu kwa kimono alichopewa na mama yetu. Kila Mwaka Mpya akikivaa natabasamu na kumsifia kwa meno tu. Lakini sijakitia mkasi. Wewe umetia. Umekabidhiwa ufunguo ukapita njia nyingine, halafu ukamdanganya mzee kila jioni mbele ya chakula alichokupikia. Hilo ni baya, na ninakwambia wazi kwa sababu hukuniandikia nikubembeleze.

Unasema Mwalimu amekuchukulia bibi. Hebu niambie, chakula cha jioni kikiisha kwenu, nani anakaa mlangoni kuvaa viatu? Anapanda baiskeli yake gizani, anafungua nyumba isiyo na mtu wa kumuuliza kama amerudi. Wewe umebaki ndani, Bibi anakoroma chumba cha pili. Na ufunguo Mwalimu alimpa nani? Bibi yako yupo hapo hapo, ana muda, na anaijua chachu kuliko mtu yeyote mjini. Hakumpa yeye. Alimpa msichana wa dirishani. Umehesabu yote uliyopokonywa, hilo la kupewa umeliruka.

Sasa tuje kwa Bibi. Wewe ndiye uliyeutoa mkono mtungini. Nakuelewa, wasichana wa miaka kumi na mitatu wana ndimi za wembe, hata mimi ningekimbia. Ulisema hutaki, naye hakukulazimisha. Je, umewahi kumwambia kwamba umebadili nia? Hata siku moja. Ulitaka akusome moyoni. Huo ndio ugonjwa wetu watu wa huku, kungoja mwenzako aelewe bila kuambiwa, na nyumba ngapi nazijua mimi ambamo watu wawili wamengojana hivyo hadi mmoja akazikwa. Mgeni hakuujua ugonjwa huo. Alipoambiwa karibu, akauliza siku gani. Aliposikia ladha, akauliza nani ametengeneza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, binti, na yeye aliinama hadi mkekani ukimwona.

Jumapili nenda kituoni ukampokee. Usimwandikie ujumbe, ujumbe ni mahali pa kujificha. Mwambie kabla hajafika nyumbani kufunua kifuniko: "Sikuigeuza. Nilikuonea wivu. Nimeirekebisha, lakini nilitaka uujue ukweli kutoka kwangu mimi." Maneno hayo yanatosha, usiongeze joto wala kazi nyingi dukani. Mrudishie ufunguo kwa mikono miwili. Akinuna, ana haki ya kununa, mwache anune, wala usimtume Bibi akuombee msamaha.

Lakini Bibi hangoji Jumapili. Bibi ni leo, kabla hajakuuliza lile swali lake. Kaa mbele yake useme, "Nimekudanganya, sikuigeuza hata mara moja, na niliumia ulipompa Mwalimu kwa sababu niliitaka mimi." Atakugombeza. Tena atakugombeza vibaya, atamfufua hadi mama mkwe wake. Usikimbilie chooni kufungua bomba. Kaa hapo hapo umsikilize hadi mwisho, na ukiwa unasikiliza jiulize kama umewahi kumsikia akimfokea Mwalimu Corinne hivyo. Hujawahi wala hutawahi. Mgeni hagombezwi.

Akimaliza, kunja mikono ya shati, ufunue mtungi ulio chini ya sinki, umwambie akuonyeshe upya tangu mwanzo.