Majina Yenye Alama ya Kuuliza

Fedha, Embakasi
9 Machi 2024

Mwanangu Kimani,

Huko Doha joto linakuendeaje, na kile kifua kimetulia? Sisi hapa tu wazima. Cucu, nyanya yako, bado yuko nami. Jicho la kulia limeshafanyiwa upasuaji, la kushoto linangoja zamu. Anakusalimu na anauliza kama hiyo hoteli yako inakulisha ama unalisha wageni tu.

Kompyuta uliyotuma imefika, Mungu akubariki. Nimeiweka kwenye meza karibu na dirisha, nikaiwasha, ikawaka. Kumbe haina kitu! Ina saa, ina kikokotoo, ina picha ya mlima ambao siujui. Nimetafuta mahali pa kupiga chapa barua asubuhi nzima. Mimi niliyepiga chapa kaunsili ya jiji miaka ishirini na saba, maneno sabini kwa dakika, nimekaa mbele ya mashine isiyo na mahali pa kuandika.

Na nina haraka. Cucu ameanza kusema. Unajua maisha yangu yote hajawahi kuzungumzia ile miaka ya hali ya hatari, wakati wa mkoloni, wasichana na kina mama walipolazimishwa kuchimba mtaro kando ya msitu. Alikuwa na miaka kumi na sita. Juzi, bendeji ikiwa bado jichoni, alianza mwenyewe kuwataja wanawake wa kundi lake, mmoja baada ya mwingine. Ni thelathini na mmoja. Wengine hawana hata kaburi. Akaniambia, "Teresiah, andika, na uandike vizuri." Vizuri kwake ni pamoja na vile vialama vya juu ya ĩ na ũ za Kikuyu. Ukiviacha, anasema umeandika mtu mwingine.

Anarudi kwake Kangema baada ya Pasaka. Niambie niweke programu gani, na uniambie kwa maneno ya kawaida.

Mama yako,
Teresiah


Doha
11 Machi 2024

Mama,

Salamu nyingi kwako na kwa Cucu. Kifua kilipona kitambo. Mwambie Cucu nakula mpaka nimenenepa.

Hiyo ya programu isikusumbue. Hapa ofisini tunatumia ile ya kulipia kila mwaka, na nimeshakusajili. Ingia na imeili yako, weka neno la siri, utatumiwa namba kwa simu, weka hiyo namba, kubali masharti, ngoja ishuke. Ni dakika kumi na tano tu. Kuna nyingine za bure, lakini sijawahi kuzitumia na sitaki uanze kuhangaika.

Usiguse kitu kingine chochote. Na tafadhali, usimwite Kiema. Kutengeneza simu pale getini hakumfanyi mtu awe mtaalamu wa kompyuta.

Mwanao,
Kim


Fedha
20 Machi 2024

Kimani mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi tuko, ila mimi nimechoka.

Dakika zako kumi na tano zimekuwa siku tisa. Iliniomba neno la siri, nikaweka. Ikasema ni dhaifu. Nikaweka lingine, ikasema nimelisahau. Nilisahauje neno ambalo ndio naliandika? Namba ilipokuja kwa simu, nilitafuta miwani, nilipoipata namba ikawa imeisha muda. Hatimaye ikafunguka. Cucu akakaa kwenye kiti, akaanza. Nikaandika "Njeri", ikageuza ikaandika "Jerry". Nikafuta, nikaandika tena, ikaandika Jerry tena. Kila neno la Cucu ikalipigia mstari mwekundu kutoka mwanzo wa ukurasa hadi mwisho. Cucu, kwa jicho lake moja, akauliza, "Hiyo rangi nyekundu ni ya nini?" Nikamwambia kompyuta inasema tumekosea. Akainuka, akarudi kitandani mpaka wakati wa chai.

Halafu intaneti ya kotini, hizi nyumba zetu za geti moja, ikapotea siku tatu, na programu yako ikakataa kufanya kazi mpaka izungumze kwanza na wenyewe. Kwani nikitaka kuandika nyumbani kwangu nipige hodi kwa nani?

Nimemwita Kiema. Ndiyo, nimemwita. Alikuja na kopi yake ya programu hiyo kwenye flash, akaiweka wakati nikipika ugali. Haiulizi neno la siri, haitaki intaneti, na amenionyesha vibonyezo vya kutoa ĩ na ũ. Cucu amesema siku mbili mfululizo na mimi nimepiga kurasa saba.

Mama


Doha
21 Machi 2024

Mama,

Mama! Natumaini mko wazima, lakini Mama!

Kopi ya kwenye flash ni ya wizi na huwa inakuja na virusi. Nimemuuliza jamaa wa kompyuta hapa, anaitwa Mahad, yeye ndiye hutengeneza mashine zetu zote. Amesema kama hutaki ya kulipia, weka LibreOffice. Ni ya bure kihalali, haihitaji intaneti ukishaiweka, na unaweza kuzima hiyo mistari myekundu. Nimekosea kukataa za bure, nakubali. Itoe hiyo ya Kiema leo. Leo, si kesho.

Kim


Fedha
2 Aprili 2024

Kimani,

Heri ya Pasaka. Sisi tulikula kuku, Cucu akala mapaja yote mawili.

Programu sijaitoa. Ningeitoa vipi na Cucu yuko katikati ya maneno? Sasa tumemaliza. Ni kurasa ishirini na mbili, na mwisho kuna yale majina, kila moja na la babake na mtaa aliotoka. Alilia mara moja tu, alipofika kwa Waithĩra. Mtaro ulimwangukia Waithĩra, na waliobaki wakaamriwa waendelee kuchimba. Hajawahi kumwambia mtu. Nilipiga chapa hiyo sehemu bila kumtazama usoni, vile tulifundishwa kazini.

Kesho anarudi Kangema. Amewaalika jamaa za wale wanawake nyumbani kwake tarehe 29 Juni, na anataka kila mmoja aondoke na kitabu.

Nimekutumia kwa imeili. Kiema amesema niihifadhi kwa mtindo wa zamani ndio ifunguke kwa kompyuta yoyote, na ndivyo nilivyofanya. Nakuomba kitu kimoja tu. Ifungue, uangalie kama ĩ na ũ zimefika vizuri, hasa kwenye majina. Huku kwangu ziko sawa. Nataka kujua huko kwako.

Mama yako


Doha
6 Aprili 2024

Mama,

Salamu. Nimeona. Iko sawa kabisa, kazi nzuri sana! Msalimie Cucu.

Kim


Fedha
27 Aprili 2024

Kimani,

Sitauliza hali yako.

Kompyuta ilianza kujizima yenyewe wiki iliyopita. Baadaye ikawa kila ninachofungua kinakuja tangazo la kamari. Ulisema virusi, na kweli vilikuwa virusi. Hapo ulinishinda, furahi. Kiema akasema dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Nikamuuliza, "Na maneno ya mama yangu?" Akasema, "Si uko na kopi kwa Kim?" Nikasema niko nayo, na Kim ameiangalia, na iko sawa kabisa. Nikamruhusu. Akafuta, nikamwambia aniwekee hiyo LibreOffice yako, nikamfukuza.

Jana nimefungua ile imeili niliyokutumia. Kimani, hakuna ĩ hata moja. Hakuna ũ hata moja. Kila mahali palipokuwa na herufi hizo pana alama ya kuuliza. Wanjir? M?thoni. Wangar? wa Karanja. Waith?ra. Mtu amekufa chini ya udongo na mimi nimemwandika kama naulizia kama alikuwepo.

Huwezi kufungua kurasa hizo ukaacha kuziona. Hata mtu asiyejua Kikuyu, hata Mahad, angeziona kwenye mstari wa kwanza.

Kwa hivyo niambie. Uliifungua?

Teresiah


Doha
28 Aprili 2024

Mama,

Sikuifungua.

Nilikuwa kazini, nikakumbuka ulisema ni kurasa ishirini na mbili, tena za Kikuyu. Nilijua sitaelewa hata nusu. Mimi nimelelewa hapo Fedha, kwa nyumba tuliongea Kiswahili, nje tuliongea Sheng, Kikuyu chetu kilikuwa cha salamu na cha kugombezwa. Niliona aibu kukuambia. Nikasema nitaifungua jioni, halafu nikaandika tu iko sawa ndio usingoje. Jioni sikufungua.

Nimeisoma leo, yaani nimejaribu. Nimehesabu hizo alama, zimepita elfu tatu. Mahad ameangalia pia. Amesema herufi zote mbili ziligeuka alama moja, na hakuna programu inayoweza kujua ipi ilikuwa ipi. Ni mtu tu.

Nisamehe, Mama. Usiguse chochote. Yaani, simaanishi hivyo. Namaanisha nitairekebisha mimi.

Mwanao


Doha
12 Mei 2024

Mama,

Natumaini u mzima. Hupokei simu zangu, na Kiema ndiye ananiambia kwamba bado unaenda kanisani. Nimefikia mahali pa kumuuliza Kiema habari za mamangu.

Nimeweka LibreOffice kwenye laptop yangu ndio tuwe na kitu kimoja. Kila siku nikiwa na mapumziko saa nane nampigia Cucu. Namsomea mstari, ananirekebisha. Siku ya kwanza alifikiri nimelewa. Akaniambia, "Wewe unasoma kama mzungu wa misheni." Ya pili alinikatia simu. Ya tatu nilisoma neno la kuchimba vibaya, akacheka mpaka akakohoa, jirani akaingia kuangalia kama ni mgonjwa. Sasa nikikosea anasonya tu, nami narudia mpaka anyamaze, hapo najua nimepata.

Maneno mengi yanajirudia, kwa hivyo nikishajua moja naambia programu ilibadilishe kila mahali. Lakini majina nafanya kwa mkono. Yamebaki hayo na kurasa nne.

Mama, sikujua kuhusu Waithĩra. Uliniandikia tarehe mbili Aprili na mimi nilipita hiyo sehemu haraka kama matangazo. Cucu alipofika hapo aliniambia nisiisome kwa sauti. Tukakaa tu kwa simu. Niliporudi kazini nilikuwa nimechelewa, msimamizi wangu Sharmarke akaniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia nilikuwa na nyanyangu.

Nijibu hata mstari mmoja.

Kim


Fedha
13 Mei 2024

Mtaa wa Wairimũ wa Gathogo umeusoma vibaya. Ni Kĩhoya, si Kihoya. Cucu amenipigia kulalamika.

Mama


Doha
9 Juni 2024

Mama,

Salamu za upendo. Hii hapa, imekamilika. Safari hii nimeifungua mara nne. Nimeifungua kwa laptop yangu, kwa ya Mahad, na kwa simu. Nimeituma kwa namna mbili: ile unayoweza kuandika ndani yake, na ile isiyobadilika, ya kupeleka kwa mtu wa kuchapisha. Mwambie achapishe kutoka kwa hiyo ya pili, asiguse ya kwanza.

Lakini usiniamini. Ifungue wewe mwenyewe, uangalie kila jina.

Mwanao,
Kim


Fedha
1 Julai 2024

Mwanangu Kimani,

Huko hamjambo? Mimi mgongo unauma kwa sababu ya kubeba vitabu, lakini sijambo.

Niliangalia kila jina mara tatu, kwa rula, kama enzi zangu za kaunsili. Nilipata kosa moja. Lilikuwa langu, la tangu mwanzo. Sijamwambia Cucu, na wewe usimwambie.

Nilichapishia Majengo. Kijana wa mashine alitaka kuniongezea maua kwenye jalada. Nikamkatalia. Akataka kuweka picha ya jua likichomoza. Nikamkatalia. Akaniuliza kama mimi ni mwalimu. Hiyo nayo ilichukua siku mbili za maisha yangu.

Jumamosi walikuja watu wengi kuliko viti. Kiwanja cha Cucu kilijaa, chai ikaisha kabla ya saa sita, na shemeji yako mmoja, simtaji, akaketi kwenye kiti cha mwenye shughuli. Nilisoma majina yote thelathini na moja. Nilipotaja kila jina, jamaa zake walisimama. Majina saba hayakusimamiwa na mtu. Kwa hayo, Cucu alisimama mwenyewe, kila mara, na magoti yake yale. Nilimwambia aketi. Akaniashiria nitaje linalofuata.

Kulikuwa na mwanamke mmoja ametoka Komarock, Mukami, umri wangu hivi. Ni mjukuu wa Waithĩra. Watu walipoanza kula alinijia na kitabu kikiwa wazi, akaniomba nimwonyeshe ni mstari gani. Nilimwonyesha. Aliniambia nyanyake hakuwa na kitambulisho, hakuwa na picha, hata jina kwenye kaburi hakuna, kwa sababu kaburi halipo. Hajawahi kuliona jina lake limeandikwa mahali popote. Alilipitishia kidole mara nyingi, taratibu, mpaka nikaona niangalie kando.

Kisha akauliza, "Na aliyeandika hivi vizuri ni nani?"

Nilikuwa nafungua mdomo kusema ni mimi, maana ni mimi niliyekaa kwenye ile mashine. Cucu akaniwahi.

"Ni mjukuu wangu wa Doha," akasema. "Kikuyu chake ni kibaya sana. Lakini alipiga simu kila siku."

Mama yako akupendaye,
Teresiah