Punje za Mpunga Koponi

Mlabani, Ifakara

Dada Agnella,

Shikamoo. Huku mvua imezidi, ila mpunga umeshika vizuri.

Noela wangu atakuja kwako Jumamosi, asubirie matokeo huko. Alipomaliza shule na kuacha kunyolewa ndipo nilipoona vipara. Kumbe anajing'oa nywele mwenyewe. Nilimpaka pilipili vidoleni, nikamchapa, Mungu anisamehe.

Sasa anatibiwa na Aikande, binti anayejifunzia saikolojia hospitalini hapa. Mdogo, lakini ana subira jamani! Hajamkemea hata mara moja. Kamfundisha kukunja ngumi mkono ukitaka kupanda kichwani. Mimi akaniambia, "Mama, kila mkono wake ukipanda, tia punje ya mpunga koponi, ukumbuke kilichotangulia."

Dada, kilichotangulia ni mimi. "Umekula? Umesali? Mbona umenyamaza?" Nilimweleza Aikande huku nalia. Akasema, "Unauliza kwa kuwa unampenda, mama. Tupunguze tu."

Wiki ya kwanza, kila jioni punje zilikuwa zimefunika kitako cha kopo. Jana zilikuwa punje tatu.

Akifika, usimwulize habari ya nywele. Mpe mchele achambue, mikono ipate kazi, nawe ukae naye.

Mdogo wako,
Justa