Vyuo Viwili na Jina la Bibi

Jumapili, mwisho wa Agosti. Nyumbani, upande wa Litembo.

Leo ukungu umechelewa kuondoka. Saa nne asubuhi bado ulikuwa umekalia migomba kama mgeni asiyejua kuaga. Mikono yangu inanuka maganda ya kahawa ingawa nimenawa mara mbili. Nimepanda hadi kwenye mwamba nyuma ya shule ya msingi, mahali pekee ambapo simu yangu inapata mtandao wa maana, na nimejifunika khanga kwa ajili ya baridi. Wiki nzima sina amani. Naandika ili nitulie, si kwamba nina la kumfundisha mtu.

Nina nafasi mbili za chuo, na zote ni za optometria, yaani kusomea kupima macho na kutoa miwani. Moja ni ya stashahada, Moshi. Nyingine ni ya shahada, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, Malawi. Ya Moshi ni masomo mafupi, ya Malawi ni marefu. Mwisho wa kuthibitisha ni kesho. Mwenzangu mwingine angekuwa anarukaruka kwa furaha.

Mimi naogopa. Naogopa kwa sababu ya Bibi.

Jina langu ni Skolastika. Ni jina la bibi mzaa baba, na kwetu ukipewa jina la mtu umepewa na nafasi yake. Baba hajawahi kuniita mwanangu. Ananiita mama, tangu nikiwa kichanga. Kaka zangu wananiita bibi kwa utani, wakitaka kunikera wananiuliza meno yangu yanaendeleaje. Nikiwa mdogo nilifaidi sana. Kigoda cha karibu na moto kilikuwa changu, na hakuna aliyethubutu kunichapa mbele ya Baba, maana nani anamchapa mama wa mtu? Bibi mwenyewe alikuwa hai wakati huo na aliniita mwenzangu. Tulilibeba jina wawili. Alipofariki nikabaki nalo peke yangu, na ndipo nilipojua kuwa ni zito.

Bibi alikufa akiwa haoni kabisa.

Nikieleza ilivyokuwa, watu wa mbali wanaweza kutucheka. Macho yake yalianza kupungua taratibu. Kipindi hicho wataalamu wa macho walikuja kigangoni kwetu Jumapili moja, wakamwambia jirani yetu kwamba mtoto wa jicho lake bado hajakomaa, arudi baadaye afanyiwe upasuaji. Siku hiyo Bibi alikuwa na homa, hakwenda. Lakini habari ya jirani ilifika nyumbani, na sisi ni watu wa kahawa. Habari ya kitu kuiva tunaielewa kuliko nyingine yoyote. Hapa ukichuma mbichi unarudishwa na gunia lako kutoka kwenye mashine ya kumenya, watu wakikutazama, na aibu hiyo unakaa nayo msimu mzima. Kwa hiyo ikaonekana ni jambo lililo wazi: jicho la Bibi nalo liachwe liive. Baba ndiye mtoto wake wa kwanza, akasema wasubiri msimu upite. Ukapita, ukaja mwingine. Bibi alikubali, tena alifanya utani, anatuuliza jicho lake limefikia rangi gani.

Halikuwa na mtoto wa jicho. Ilikuwa presha ya macho, ile inayokula pembeni kwanza, bila maumivu, huku mtu akidhani anaona vizuri. Daktari aliyempima baadaye alisema hapakuwa na kitu cha kuiva. Muda wote tuliosubiri, jicho lilikuwa linakufa kipande kipande, na kipande kilichokufa hakirudi.

Alipokuwa haoni tena aliuliza swali moja kutwa: kumekucha? Saa sita mchana, jua la kuchoma utosi, anauliza kumekucha? Na kila alipotaka kuingia ndani alipapasa mwimo wa mlango kwa kiganja kabla ya kuinua mguu. Pale alipozoea kushika mbao imebaki nyeusi na laini. Hakuna aliyewahi kupaka rangi.

Tangu nipate hizi nafasi namsikia. Simsikii usiku kama watu wanavyosimulia habari za wafu. Namsikia mchana. Nageuza kahawa kwenye kichanja, naona kila kitu vizuri, na nyuma yangu sauti inauliza kumekucha. Nageuka, hakuna mtu. Wiki hii nimeacha kugeuka.

Kila mtu anaamini nakwenda kusomea macho kwa ajili ya Bibi. Padri alisema hivyo. Kaka zangu wanasema bibi anarudi kuchukua macho yake, wanacheka. Mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa muda mrefu. Lakini baada ya kidato cha sita nilijitolea kwenye kliniki ya macho Mbinga mjini, kazi yangu ikiwa kuwapanga wagonjwa na kushika ubao wa herufi. Siku moja mama mmoja fundi cherehani aliwekewa lenzi za majaribio, akatoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, akaitunga uzi hapohapo kwenye kiti. Alitutazama tu mmoja mmoja kama anatuhesabu. Nilitoka nje nikalia, na siku hiyo sikumfikiria Bibi hata kidogo. Kwa hiyo ninalo jambo langu mwenyewe pia linalonivuta. Naliandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine nimelisema.

Wiki mbili zilizopita nilishuka Ngumbo kwa shangazi, dada yake Baba, kuomba ushauri. Yeye naye ananiita mama, na kila nikifika ananilaumu kwa kumtupa, halafu ananipikia samaki, mbasa mkubwa kuliko sufuria. Ukoo wa mumewe umetawanyika pande zote mbili za ziwa, wanazikana na kuozana, kwa hiyo kwake Malawi si ugenini. Alinipeleka ufukoni mahali anapoanika usipa, dagaa wa ziwa letu, akanionyesha milima ya ng'ambo. Akasema kule kuna binamu zake watakaonipokea, akasema shahada ni shahada. Nilisimama pale maji yakinifika kwenye vifundo vya miguu, na nilitaka kwenda. Nilitaka mpaka kifua kikauma. Kule hakuna anayejua nimebeba jina la nani. Kule ningekuwa Skolastika tu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, binti wa watu.

Nilipanda mlima kurudi nyumbani nikiwa nimeshaamua. Malawi.

Kisha nikaingia shambani na Baba.

Baba anachuma haraka, mikono yake inajua mti kuliko macho yake. Nilikuwa mstari wa nyuma yake. Nikaona mti mmoja umechumwa safi upande wa kulia, na upande wa kushoto, matawi ya chini, kahawa nyekundu imebaki yote. Nikadhani amepumzika. Mti uliofuata ulikuwa hivyohivyo. Na uliofuata. Mstari mzima ulikuwa mwekundu upande mmoja, na yeye anaendelea mbele akipiga mluzi, na ndoo yake imejaa.

Siku zilizofuata nilimfuata nyuma nikichuma alivyoviacha, ili kaka zangu wasione. Nilimwona akijikwaa kwenye tuta la ngoro, yale mashimo ya mraba tunayolimia mahindi mtelemkoni, ambayo ameyachimba kwa mikono yake na kuyaruka maisha yake yote. Alijikwaa, akasema nyasi zimekuwa nyingi. Nyasi hazikuwepo.

Juzi jioni, kuna mwanga bado, nimemwona akiingia ndani. Kiganja chake kilienda kwenye mwimo wa mlango. Palepale.

Nilikaa chini uani.

Jana nimemwambia. Tulikuwa shambani peke yetu, tumekaa kwenye magunia tunakula viazi. Nilimwomba nimpime kama nilivyoona wakifanya Mbinga: nimesimama mbele yake, anitazame puani, nanyoosha mkono pembeni na kuchezesha vidole, aseme akiviona. Alikubali akicheka. Upande wa kulia aliviona vikiwa vimeshafika karibu na sikio langu. Upande wa kushoto nililetaleta mkono mpaka ukawa karibu unagusa shavu langu, na bado ananitazama puani, anangoja nianze.

Nilishusha mkono. Aliacha kucheka. Nikamwambia Jumanne twende Songea, kuna daktari wa macho, na ugonjwa huu ukiwahiwa kuna dawa ya matone inayouzuia usiendelee. Akasema baada ya msimu. Nikamwambia hicho ndicho alichosema kwa Bibi. Sikukusudia kuwa mkali, lakini lilishatoka.

Aliokota ganda la kiazi, akaliweka chini tena. Halafu akasema, bila hasira yoyote:

"Mimi ndiye niliyemwambia mama asubiri. Acha na mimi nisubiri."

Alikuwa anajua. Anajua tangu msimu uliopita, pengine kabla. Hakuwa anaficha kwa kuogopa hospitali. Alikuwa amejihukumu mwenyewe na anatumikia kifungo chake kimyakimya huku akipiga mluzi.

Nilitaka kumbembeleza kama binti, kusema baba tafadhali, tunakuhitaji. Maneno hayo yalikuwepo mdomoni. Yaliyotoka ni mengine, kwa sauti nzito ya taratibu ambayo sijawahi kuitumia kwa mtu mzima.

"Nitazame. Jina la mama yako unaloniita kila siku ni langu au si langu?"

Akasema ni lako.

"Basi mimi mama yako nakuambia. Sikukudai macho. Sijawahi kukudai. Jumanne utapanda gari."

Baba yangu ana mvi. Ni mwenyekiti wa kigango, watu wazima wanampa shikamoo barabarani. Alivua kofia yake akaishika kwa mikono miwili mapajani, akainamisha kichwa, akasema, "Ndiyo, mama." Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyekosea na kusamehewa. Kisha akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi.

Sijui kama nilikuwa na haki ya kusema vile. Kumsamehe mtu kwa niaba ya marehemu ni jambo la kutisha. Na tangu wakati ule sauti imenyamaza. Nimegeuza kahawa leo baada ya misa, hakuna aliyeniuliza kitu. Ungedhani nimefarijika. Badala yake nimekuwa nikisikiliza, nashika pumzi, kama mtu aliyezoea mlio wa saa ukutani na saa imesimama.

Kwa hiyo Jumanne tunakwenda Songea. Na mimi nitapimwa, maana mtaalamu wa Mbinga aliwahi kuniambia ugonjwa huu unatembea kwenye damu, na muda wote huu nimeshika ubao wa herufi kwa ajili ya watu wengine bila kukaa kwenye kile kiti hata mara moja.

Ingeishia hapo ningethibitisha Malawi leo. Lakini baada ya misa tumetembea pamoja, mimi nikiwa upande wake wa kushoto, na amenieleza alichofikiria tangu jana. Amesema matone ataweka. Amesema anaelewa ni ya kila siku, mpaka mwisho wa maisha yake. Halafu ameuliza kitu kimoja tu, polepole, anatazama barabara.

"Na ukiondoka, mama, nani ataniambia?"

Kaka zangu wapo, nimemjibu. Amesema wale ni watoto wake, hawezi kuamrishwa na watoto wake. Amesema kwa utani. Haukuwa utani.

Nimeitumia nafasi ya Bibi mara moja, kwa nguvu zote, na sasa siwezi kuirudisha mahali nilipoitoa. Siwezi kumwamuru mtu kama mama yake Jumamosi, halafu wiki chache baadaye nivuke ziwa nikawe binti wa watu.

Nimekaa hapa kwenye mwamba tangu saa saba. Nimefungua ukurasa wa Malawi, nikasoma upya majina ya masomo yote, moja moja. Nimeufunga. Nimethibitisha Moshi. Ni masomo mafupi, ni nchi moja, naweza kumpigia simu kila asubuhi na kumsikia akiweka matone, nikimaliza nirudi Mbinga. Ni chuo kizuri. Nikiulizwa nitatoa sababu hizo, na zote ni za kweli.

Nimempigia shangazi. Amesema haya, mama. Nimejua hajapenda.

Nimeshuka kumwambia Baba, ndipo nikarudi tena hapa juu kumalizia kuandika. Nimemkuta uani anachambua kahawa, amegeuza kichwa chote ndipo akaniona. Hakuuliza chuo kikoje, wala nitasoma nini. Ameuliza likizo ya kwanza ni lini. Nimemwambia pengine Desemba. Amefurahi sana, ameanza kupanga mbuzi gani atachinjwa.

Hakuniuliza kama na mimi nimefurahi. Leo nimeshukuru kwamba hakuuliza.