Mpangaji wa Namba Sita

10 Januari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Mimi mzima, nashukuru. Kutwa nafua mashuka ya hoteli, jioni narudi kwenye chumba ninachogawana na wenzangu watatu. Hata jina langu hawawezi kulitamka, basi tunachekeana tu, kila mtu anageukia ukuta wake.

Hongera kwa kumaliza kujenga vyumba sita vya kupangisha. Sasa baba, tusilale. Huo mkopo tuliojengea dhamana yake ni nyumba yenu na marehemu mama. Tukiteleza, inapigwa mnada. Vyumba vitano vitalipa rejesho la benki kila mwezi. Cha sita ndicho pumzi yetu: mpangaji akihama au choo kikijaa, tunajitoa hapo. Je, kimepata mtu?

Mimi mwanao,
Chiriku

2 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, na nyingine weka akiba. Mgongo upo, haujahama. Afadhali umeandika, maana kwenye simu sikio langu moja limeshastaafu, lakini barua naisoma hata mara tatu.

Namba sita kilipata mtu rangi ilipokauka tu. Mtaratibu huyo, sijapata kuona! Hapigi redio, hagombani na mtu bafuni, kodi hakumbushwi. Nimemshonea mapazia ya bluu. Huyo wa namba moja sasa, lo! Ana tarumbeta, na hajui kuipiga.

Sare za shule zimeniandama, cherehani haipoi. Ua limejaa watu, lakini kila mtu na mlango wake. Jioni nakaa barazani nawaangalia wanavyoingia. Wewe unakuja lini?

Baba yako

19 Aprili

Baba,

Shikamoo. Unakula vizuri? Usinidanganye.

Benki wameniandikia, riba imepanda. Rejesho sasa linakaribia kuimeza kodi yote ya vyumba vitano. Namba sita ndicho kizuri kuliko vyote, dirisha linatazama barabara. Mwongezee kodi mpangaji wako huyo, usimwonee haya. Mtu asiyegombana hawezi kushindwa na nyongeza kidogo.

Kuhusu kuja, usinune baba. Nimesaini mkataba mwingine wa miaka miwili. Nikiacha kazi sasa, chumba kimoja kikikaa kitupu hatuna pa kushika.

Mwanao

30 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimekaa kimya, nisamehe. Nilikuwa nahangaika.

Namba tatu amehama na kodi ya miezi miwili, kwaheri hata ya kupunga mkono hakuna. Wiki hiyo hiyo choo kikajaa, ikabidi niite gari la kunyonya. Namba sita hawezi nyongeza, mwache. Rejesho nimelipa, hilo usiulize.

Siku hizi sishoni. Macho yamechoka.

Baba yako

14 Agosti

Baba,

Shikamoo. Leo naandika nalia, utanisamehe mwandiko.

Shangazi amenipigia simu. Anasema macho yako hayana neno, cherehani ndiyo haipo, umeiuza. Anasema namba sita kina kitanda, godoro jipya lenye nailoni yake, na mapazia ya bluu, na hakijawahi kulala mtu. Unakifagia kila asubuhi. Kodi ulikuwa unajilipa mwenyewe kwa kushona sare.

Mpangaji wako ni mimi, baba?

Nimekasirika, nakwambia kweli. Pumzi yetu yote umeifungia ndani. Halafu nikikasirika sana namuona mtu anafagia chumba changu, nashindwa. Huku hakuna hata anayeniuliza kama nimerudi. Lakini siji, baba. Siji mwaka huu wala ujao. Kipangishe, tafadhali, kabla benki hawajakuja kutupangia wao.

Chiriku wako

25 Septemba

Chiriku wangu,

Marahaba, mama. Usilie tena.

Nimefanya ulivyosema. Namba sita yumo binti muuguzi, ametanguliza kodi ya miezi mitatu. Namba tatu nacho kimepata mtu. Benki wamepata chao, na kidogo kimebaki, ndiyo hiyo pumzi uliyoitaka. Nilikosea, mwanangu. Nilidhani chumba kikiwa na mtu mwingine, wewe ndio basi tena.

Mapazia ya bluu nimeyashusha, yapo kwenye kabati la marehemu mama yako. Binti ana yake, ya maua maua, kelele tupu.

Jana jioni nilikuwa barazani, nikasikia ufunguo unazungushwa kwenye kitasa cha namba sita. Nikainuka mbio, kandambili moja ikabaki nyuma. Alikuwa yeye, katoka kazini. Akaniuliza, "Baba, kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu, nilikuwa natafuta kandambili.

Akaniokotea.

Baba yako