Kuogesha Pikipiki Sakafuni

Jumatatu, 8 mwezi wa saba

Mafuta tena. Nimefika Sakafuni mapema, nikapanga chupa ya dawa ya maji na sindano yangu ya kupimia, nikainama kutazama maji. Rangi rangi juu. Zambarau, kijani, manjano. Yanapendeza, na hilo ndilo linaloniudhi.

Mama Neema, jirani yangu, alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alinusa bidoni yake ya maji, akaniangalia. Nikamwekea dawa kama kawaida, sindano moja kwa bidoni moja. Ndiyo kazi yangu, ndiyo maana Kilibula nzima inaniita Mama Dawa. Dawa inaua kipindupindu. Haiui petroli.

Hapa Sakafuni palikuwa saloni yetu, sebule ya nyumba ya baba. Ziwa lilipopanda lilibeba kuta zote isipokuwa mmoja, likaacha simenti nyekundu aliyoimwaga baba. Sasa ni mahali pazuri pa kuchota, hakuna tope. Kwa sababu hiyohiyo ni mahali pazuri pa kuogesha pikipiki. Kila Jumapili baada ya mbio za pikipiki, mashabiki wanaileta hapa pikipiki iliyoshinda, wanaiingiza majini, wanasugua mnyororo kwa petroli, wanamwaga sabuni, wanawake wanapiga vigelegele. Pikipiki isiyoogeshwa ziwani, wanasema, haijashinda.

Jana nilikuwepo. Nilipiga vigelegele. Sauti haijarudi hata sasa.

Jumatano, 10 mwezi wa saba

Kwa nini napenda mbio? Sina sababu ya maana. Ni ile kona ya mfereji. Motari anakuja kwa kasi, analaza pikipiki mpaka goti linakaribia udongo, nawe unashika pumzi. Halafu ananyanyuka. Basi. Kwa ajili ya hiyo natembea juani mpaka bondeni na kurudi na vumbi mpaka kwenye kope.

Leo redioni mtu mmoja amesema moshi wa injini za dunia nzima unaharibu hewa, mvua zinazidi, maziwa yanapanda. Kama ni kweli, basi kila Jumapili napigia makofi kitu kilichomeza saloni yangu. Nimezima redio. Haikusaidia.

Jumapili, 14 mwezi wa saba

Baada ya ibada, bondeni. Njia ya udongo kutoka hangari ya zamani ya pamba mpaka mfereji wa mpunga, na kurudi. Upande mmoja mashabiki wa mtaa wetu wa Kilibula, upande mwingine wa mtaa wa Rugenge. Matusi yalianza kabla ya injini. Mama za watu walitajwa, hata waliokwisha kufa. Kiongozi wa mashabiki wa Kilibula ni kaka yangu mkubwa, Bahati. Ana filimbi na hana aibu.

Leo kulikuwa na motari mgeni. Gasore, wa Rurambo, kule juu kwa wafugaji. Mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Jina lake lilipotajwa tu, pande zote mbili zikaanza kulia kama ng'ombe. Kilibula na Rugenge hawajawahi kupatana hata juu ya saa ya kuanza. Kwa hili walipatana. Watu wazima, wengine bado wameshika Biblia, moo, moo, moo.

Halafu akaichukua kona. Sijawahi kuona kitu kama kile. Hakupigana na pikipiki kama wanavyofanya wetu. Aliinama nayo, wakapita. Nilisahau kupumua.

Amekuwa wa pili. Trezo, motari wetu wa Kilibula, ndiye aliyeshinda. Gasore alipokuwa anageuka kuondoka, mtu alimrushia bonge la udongo mgongoni. Mimi sikulia kama ng'ombe. Wala sikumwambia aliyekuwa kando yangu anyamaze. Naona haya.

Pikipiki ya Trezo imeogeshwa. Sakafuni, bila shaka.

Jumatatu, 15 mwezi wa saba

Mama Neema hakungoja hata nijaze sindano. "Mama Dawa, ile juma ingine chai ilikuwa na petroli mpaka mutoto akaitapika. Leo miye naenda kuchota kwa matete."

Kwenye matete hakuna dawa. Watu wanajisaidia mule. Nilimwambia hivyo.

"Basi tutafanya namna gani?"

Alijitwika bidoni tupu akaenda, na nusu ya foleni ikamfuata. Nilibaki na sindano mkononi. Wote walikuwa wanajua jana nilikuwa wapi. Nina sauti ya mtu aliyepiga kelele.

Alhamisi, 18 mwezi wa saba

Mtoto wa Mama Neema amelazwa. Kipindupindu.

Macho yameingia ndani. Dripu ya serumu mkononi. Mama yake hakunilaumu. Angenilaumu ningepumua.

Ijumaa, 19 mwezi wa saba

Mtoto amekojoa. Muuguzi anasema ni alama nzuri. Nimekaa kwenye benchi la hospitali nikalia kwa ajili ya mkojo wa mtoto wa watu.

Kutoka pale nimekwenda moja kwa moja kwa Bahati. Nimemwomba waogeshe kwingine. Ufuo ni mrefu, kuna mahali ambako hakuna anayechota. Alinisikiliza akichokonoa meno.

"Kule kuko tope, mudogo yangu. Mutu ashinde, halafu tumupeleke mu tope? Ziwa iko kubwa, itameza ile mafuta yote."

Nikamwambia hata nyumba ya baba ilimezwa. Akacheka. Mimi pia nikacheka. Ndiyo balaa ya kaka huyu, hakuna aliyewahi kumkasirikia mpaka mwisho.

Nimerudi nyumbani nikachukua rangi ya buluu iliyobaki tulipopaka mlango. Kwenye ule ukuta mmoja nimeandika kwa herufi kubwa: HAPA NI MAJI YA KUNYWA. MARUFUKU KUOGESHA PIKIPIKI. Mstari wa pili umepinda, lakini unasomeka.

Jumapili, 21 mwezi wa saba

Nilijiambia sitaenda. Nimeenda.

Nilijiambia nitakaa nyuma. Nimesimama mbele, kwenye kona.

Gasore alirushiwa udongo usoni akiwa amelaza pikipiki. Akayumba, akainyanyua tena, akamaliza kati ya wa mwisho. Kelele za ng'ombe mpaka akapotea barabarani. Trezo tena. Walimbeba juu juu hadi mjini, na mimi nyuma yao, nikijua wanakwenda wapi.

Mbele ya tangazo langu wakasimama. Nikadhani labda. Bahati akavua fulana yake yenye jasho, akaitundika juu ya maandishi, kwenye msumari uliokuwa na picha ya harusi ya wazazi wetu. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Halafu wakaingiza pikipiki majini.

Nilisema. Naandika hapa kwamba nilisema. Hakuna aliyegeuka.

Jumanne, 23 mwezi wa saba

Jana mafuta. Leo kidogo.

Watu wengi wako kwenye matete. Nawaita, wananipungia mkono kwa adabu.

Mama anayeniuzia sombe, majani ya muhogo, ambaye shamba lake liko kando ya njia ya mbio, anasema siku hizi majani anayaosha maji matatu na bado meno yanasaga mchanga. Akaniuliza kama nawajua wale wapumbavu wanaoenda kutazama. Nimesema nawajua wachache.

Mtoto ametoka hospitali. Amekonda. Ananitazama kama mtu mzima.

Nimeota kona. Ningependa kuota kitu kingine.

Jumapili, 28 mwezi wa saba

Gasore ameshinda.

Nataka kuandika polepole, mkono haukubali. Aliongoza tangu hangari. Mabonge ya udongo yalikuwa yanaanguka nyuma yake, hayakumpata. Kwenye kona alipita karibu nami nikaona uso wake, mtulivu, midomo imefungwa. Nilipiga kelele. Peke yangu. Mwanamke aliyekuwa kando yangu alisogea pembeni. Sijali. Kwa muda ule mfupi sikujali kitu chochote duniani, wala maji, wala moshi, wala kaka yangu.

Ameshinda, kwa hiyo pikipiki yake ilipaswa kuogeshwa. Hakuwa na mashabiki wa kumbeba. Alikuja mwenyewe polepole mpaka Sakafuni, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele mpaka viatu. Umati ulishafika. Kilibula na Rugenge pamoja, wamesimama mstari mmoja mbele ya saloni yangu. Hapakuwa na fulana kwenye msumari. Bahati alikuwa kando ya ukuta, anayafuata maandishi yangu kwa kidole, akisoma kwa sauti ya mwalimu.

"Umesoma, kijana? Mama Dawa amekataza. Hapa iko maji ya kunywa. Ya watu."

Wakarudia wote. Maji ya watu. Maji ya watu. Halafu ng'ombe tena.

Nikapenya mpaka mbele. Nikisema aingie, petroli inaingia majini na Mama Neema anarudi kwenye matete. Nikisema asiingie, mimi ni mmoja wao. Nikasema kilichokuwa kweli. "Marufuku hii ni ya wote! Hata Trezo! Hata Kilibula!"

Wakanipigia makofi. Wakanipigia makofi kwa furaha, Bahati akanishika bega, akapuliza filimbi. Ya wote, ndiyo, ya wote, walisema, huku wote wakimtazama mmoja.

Gasore akazima injini. Alinisalimia kwanza, kwa heshima, kama vile tumekutana njiani.

"Uko na haki, mama. Maji ni ya kunywa."

Sijui kama alikuwa ananihurumia au ananidharau au alimaanisha tu. Nimefikiri jioni nzima, sijui. Akageuza pikipiki, akaisukuma kwa mikono mpaka barabarani, ndipo akaiwasha. Akaondoka na vumbi lake lote, kuelekea milimani. Kule watamwona anafika na pikipiki chafu.

Ningeweza kumfuata. Ningeweza kufuta maandishi. Nilisimama.

Jumatatu, 29 mwezi wa saba

Nimefika mapema. Nimeinama. Maji ni safi.

Hakuna rangi juu, hakuna harufu. Nimeona mpaka chini, simenti nyekundu ya baba, na yale mashimo madogo yaliyochimbwa na miguu ya meza yetu. Sikuwa nimeyaona tangu ziwa lilipoingia.

Foleni imekuwa ndefu. Walioenda matete wamerudi wote. Mama Neema amekuja na mtoto mgongoni, amenusa bidoni, amenusa tena, akanishika mkono wenye sindano.

"Leo maji iko muzuri, Mama Dawa. Mungu akubariki. Umewaweza."

Nimesema asante. Ningesema nini? Mtoto alinyoosha kidole kwenye sindano akacheka. Nimeweka dawa bidoni moja baada ya nyingine mpaka mgongo ukauma. Kila aliyepita amenishukuru. Nimewachukia kidogo, halafu nikajichukia mimi zaidi, halafu chupa ya dawa ikaisha nikaenda kuchukua nyingine.

Mchana Bahati amepita. Kasema tangazo langu limefanya kazi nzuri. Kasema Gasore hatarudi tena, na Jumapili ijayo Trezo hana wa kumzuia. Alikuwa amebeba ile fulana begani, imefuliwa. Kauliza kama nitaenda.

Nimesema ndiyo.